Breki za Leodegar

Baiskeli ya kaka yangu Haruna ilikaa miaka mingi bila breki, na usidhani ziliharibika. Alizing'oa mwenyewe siku aliyoinunua, akafunga keria ya chuma nyuma na tenga juu yake, akaenda kubeba samaki kwenye soko la Feri. Wabebaji wa rika lake wote walifanya hivyo. Maji ya barafu yenye utelezi wa samaki yanachuruzika kwenye rimu mchana kutwa, raba za breki hazishiki, vyuma vinaota kutu. Tena wanaamini kabisa kwamba raba ikiigusa rimu hata kidogo, inamla mtu nguvu za miguu. Wakitaka kusimama wanashusha mguu na kukandamiza kandambili kwenye tairi la mbele. Kandambili ya kulia ya Haruna huisha upesi kuliko ya kushoto, na uvunguni mwa kitanda chake kuna rundo la kandambili nzima za mguu wa kushoto.

Mimi ni Mwanne, mdogo wake wa kumfuata. Nina karai langu la kukaangia samaki palepale Feri, upande wa moshi. Naandika haya nikiwa na hasira, na sitajifanya sina.

Haruna ana njia zake, na alizipa majina. Kulikuwa na Njia ya Kwanza, kutoka mnadani Kivukoni, kupita Mnazi Mmoja, hadi kwenye mahoteli madogo ya Kariakoo kabla hawajainjika masufuria ya supu. Kulikuwa na Njia ya Bonde, inayoteremka Jangwani na kupanda Magomeni. Na kulikuwa na Njia ya Pugu, ndefu, yenye vilima, ambayo wenzake waliikimbia na yeye akaichukua kwa sababu waliikimbia. Alijua wapi lami imebonyea, wapi magari ya mwendokasi yanakata kona, wapi upepo wa bahari unaishia na jua linaanza kukuchoma kisogo. Vijana wa Feri walimwita Mzee wa Njia. Yeye ndiye aliyewafundisha kubeba tenga bila kuyumba na kusimama kwa kandambili. Jina hilo alilipenda kuliko hata jina alilopewa na baba yetu.

Mtoto wake ni mmoja tu, Siti. Mama yake aliachika, akaolewa Tanga, mtoto akabaki na sisi mtaani kwetu Gerezani. Haruna hakujua kumlea msichana, basi akamlea kama alivyojua: akampandisha baiskeli. Siti alipokuwa darasa la sita alikuwa tayari anapeleka vibua Kariakoo peke yake, kanga kaikunja kiunoni juu ya suruali, mtandio kaufunga nyuma ya shingo. Watu walisema sana. Wanawake wa mtaani kwetu walinifuata mimi shangazi mtu waniulize kama tunamtafutia mtoto mume au tunamtafutia kilema. Niliwajibu vibaya. Sasa wakinipita wanatazama pembeni, na mimi natazama pembeni.

Alipokua akawa na miguu ya ajabu. Asubuhi za Jumapili vikundi vya waendesha baiskeli za resi hupita Kivukoni, wamevaa nguo za kubana, wengi wao watu wenye nafasi. Siku moja Siti aliwafuata nyuma na tenga lake la samaki, na hadi wanafika Posta walikuwa hawajamwacha. Mmoja wao alikuwa Anaeli, Mpare wa Usangi, mwenye duka la spea Kariakoo. Alisimama, akacheka mpaka akakohoa, akamwambia, "Dada, wewe hilo tenga ukilishusha itakuwaje?"

Anaeli ndiye aliyeleta habari za mbio za kwao. Zingefanyika Upare, kuanzia mashamba ya mpunga ya tambarare, katikati ya mifereji, kisha Mwanga, kisha kupanda milima hadi Usangi, kuzunguka ukingoni mwa msitu na kuteremka tena. Msichana atakayeshinda angechukuliwa kambini na timu, apewe kocha na baiskeli, apelekwe kushindana nje ya nchi. Jioni nyingi Anaeli alikaa barazani kwetu akiieleza njia ile, na Haruna, ambaye hajawahi kuona mlima zaidi ya Pugu, aliisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani kwao. Aliuliza mifereji inakata barabara wapi. Anaeli akamwambia kwao maji yanashuka kutoka kwenye mabwawa madogo ya juu, kila ukoo una zamu yake ya kumwagilia, na zamu ikibadilika maji huweza kufurika yakavuka lami. Aliuliza msituni kuna baridi gani. Baada ya wiki chache Haruna alikuwa akiisimulia njia ya Usangi pale Feri, kona kwa kona, na aliipa jina: Njia ya Siti.

Baiskeli iliundwa na Leodegar. Huyu alikuwa fundi wetu Gerezani, Mmatengo kutoka Mbinga, mtu mfupi, mkimya, Mkatoliki aliyekuwa akitusalimia "Asalamu alaikumu" bila kukosea na kufunga redio yake adhana ikilia. Alitafuta fremu katika baiskeli za mtumba, akatafuta magurudumu, akaunga, akanyoosha, akapaka rangi ya bluu. Breki alizifanyia kazi kuliko kitu kingine chochote. Siku ya kukabidhi alimwinamisha Siti mbele yake, akamwonyesha. "Huku pembeni kuna kikonyo. Ukikiinua, raba zinaachana na rimu ili gurudumu litoke kirahisi, ukitaka kubadili tairi. Basi. Kazi yake hiyo tu. Ukiwa barabarani kikonyo kiwe chini. Na ukiteremka milima ya watu, vidole visitoke kwenye breki. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimekusikia, fundi."

Haruna alikuwa amesimama pale, akitabasamu. Breki nyingi namna ile zilimchekesha.

Nitasema mapema ili msije mkapoteza muda kumtafuta mkosaji. Breki za Leodegar hazikuwa na kosa. Asubuhi ya mbio, kule tambarare, Haruna aliinama akijifanya anapangusa vumbi, akakiinua kikonyo cha mbele, akakiinua cha nyuma, kisha akalegeza na waya kidogo ili raba zikae mbali kabisa. Akamnong'oneza mwanawe: "Nimekufungulia. Mlimani utapaa." Ndivyo wafanyavyo wale wachache wenye breki pale Feri, tenga likiwa zito na safari ni ya Pugu. Alifanya kwa mapenzi, na hilo silikatai. Siti hakuuliza. Tangu utotoni alikuwa akienda bila breki, na aliyemfundisha kwenda bila breki ni baba yake.

Alipanda kweli. Anaeli alikuwa kwenye gari la nyuma, na anasema aliwaona wenzake wakibaki mmoja mmoja, mpaka Siti akawa peke yake mbele, ukungu wa msitu umemkalia mabegani. Watu wa Usangi walitoka majumbani kumpigia vigelegele bila kumjua. Akageuza. Akaanza kuteremka.

Mteremko wa Pugu unaisha upesi. Ule wa Usangi hauishi. Kwenye kona ya tatu au ya nne mfereji ulikuwa umefurika, maji yanang'aa juu ya lami. Siti alibana breki, vishikio vikaja mpaka kwenye usukani na baiskeli haikupunguza hata kidogo. Akafanya alichokijua. Akashusha mguu wa kulia kwenye tairi la mbele, kama Kariakoo. Ila baiskeli ya resi haina nafasi pale, na kiatu chake kilikuwa na soli ngumu, si kandambili. Mguu uliingia kati ya uma na spoku. Wanawake waliokuwa wanasubiri zamu yao ya maji ndio waliomtoa kwenye mfereji, wakambeba kwa kanga zao hadi lilipofika gari.

Mguu ulipona kwa namna yake. Ni mfupi kuliko mwenzake, na goti halikunjiki. Siti anatembea kwa fimbo, na mimi nimempa nafasi kando ya karai langu, maana kukaanga samaki hakuhitaji goti.

Sasa njoo kwa Haruna. Pale hospitalini, Siti hajatoka chumba cha upasuaji, simu zinalia, watu wa vikundi vya baiskeli wanauliza imekuwaje. Haruna alisema maneno matatu tu: "Breki za Leodegar." Labda alikuwa hajui anachosema. Labda aliogopa. Lakini aliyasema, na kabla hatujapanda basi kurudi nyumbani, maneno yalikuwa yameshafika Kariakoo kwenye kila simu, na picha ya baiskeli ya bluu iliyokunjamana imewekwa juu yake.

Leodegar hakugomba. Walipomwendea kumuuliza alisema, "Breki nilifunga mimi," na wao wakachukulia kwamba amekiri. Wenye baiskeli za resi wakaacha kuja. Halafu na wauza mikate wakaacha. Halafu mama mmoja alikuja kumnyang'anya baiskeli ya mwanawe ikiwa bado imefunguliwa, akaondoka na vipande kwenye mfuko wa rambo. Tulimwona fundi akikaa juu ya boksi lake la vifaa mchana kutwa, mikono haina hata tone la grisi. Mwanamume kuwa na mikono misafi Gerezani ni msiba.

Mimi nilikuwa namlaani pamoja na wengine. Ni Siti aliyeninyamazisha. Tulikuwa tunapara magamba, nikasema neno baya juu ya yule fundi, na Siti akaweka kisu chini. Akanieleza yote, kikonyo, waya, mnong'ono. Kisha akanishika mkono wenye magamba, akaniapisha nisimwambie mtu.

"Kwa nini, mwanangu? Mtu anakufa njaa pale!"

"Baba alinishika kichwa hospitalini, shangazi. Akalia. Akasema, usiseme, mama, nitasema mwenyewe. Nikisema mimi, nitakuwa nimemuumbua baba yangu mbele ya watu. Akisema yeye, atabaki kuwa baba. Namsubiri."

Hicho ndicho alichokuwa akikisubiri mtoto yule. Hakusubiri mguu, mguu alishausahau. Kila siku alimpelekea Leodegar samaki wawili na ugali kwenye sahani iliyofunikwa, akiburuza mguu kutoka kituo cha basi, na kila aliporudi alimtazama baba yake usoni kuona kama leo ndiyo leo.

Nilimbana Haruna. Nilimkuta Mnazi Mmoja, kaegesha baiskeli kwenye ukuta, anajipepea kwa kofia.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba, Mwanne. Mbona umevimba?"

"Siti kaniambia. Nenda kwa Leodegar leo. Nenda na mimi kama unaogopa."

Aliirudisha kofia kichwani. Kisha akasema, "Mwezi wa Ramadhani ukiisha. Sitaki kumharibia mtu mfungo."

"Leodegar hafungi! Ni Mkristo!"

"Basi sitaki kujiharibia mimi." Akatazama wapita njia. "Unajua wataniitaje pale Feri? Mimi ndiye niliyewafundisha wote, Mwanne. Kila mmoja anayesimama kwa kandambili pale kafundishwa na mimi. Nikisema, nitakuwa mzee aliyemvunja mwanawe mguu. Hilo ndilo litakuwa jina langu mpaka kaburini."

"Na jina la Leodegar?"

"Yeye ana kwao," akasema kaka yangu. "Atarudi kwao, hakuna anayemjua huko kwa hili. Mimi kwetu ni hapa hapa."

Nilimtukana tusi ambalo sikuwahi kumtukana tangu tumezaliwa, tena hadharani. Ramadhani ikaisha. Ikaja Maulidi, akasema baada ya Maulidi. Nikaacha kumuuliza, lakini Siti hakuacha kumtazama.

Mwisho wake Leodegar akatangaza anarudi Mbinga. Kodi ya kibanda ilimshinda. Alivyotangaza ni kwamba alimpa Siti sahani yake ikiwa imeoshwa, akamwambia kesho asilete. Siti alirudi nyumbani, akakaa mbele ya baba yake, akamwambia jambo moja tu: "Baba, fundi anaondoka kesho asubuhi." Haruna akasema, "Nimesikia. Nitakwenda kumsaidia mizigo." Niliona uso wa Siti ukifunguka. Niliona, na nilifurahi, na mpaka leo nikikumbuka ile furaha najiona mjinga.

Asubuhi tulikwenda wote watatu. Mizigo ya Leodegar haikuwa mingi: boksi la vifaa, godoro, jiko la mkaa, redio. Haruna alikuwa ameliondoa tenga na kuiosha keria ili mizigo isinuke samaki. Lori la mizigo la Songea lilikuwa linapakia Kariakoo, si mbali.

Haruna akaanza kufunga godoro. Leodegar akamwambia, "Subiri kwanza, kaka." Akafungua boksi, akatoa breki. Zilikuwa mpya, bado zimo kwenye nailoni. Akapiga goti mbele ya baiskeli ile ya samaki, na bila haraka yoyote akaanza kuzifunga, ya mbele, kisha ya nyuma. Akapitisha waya. Akakaza. Akazungusha gurudumu kwa kiganja, akabana, likasimama. Akazungusha tena. Pembeni kulikuwa na kikonyo, kama kile cha baiskeli ya bluu. Leodegar alikibonyeza chini kwa kidole gumba, akamtazama Haruna.

"Hiki kikiwa chini, breki zangu zinashika," alisema. "Ile baiskeli iliporudi niliikagua kabla hawajaichukua wauza vyuma. Vyote viwili vilikuwa juu."

Hakupaza sauti. Hakuna mtu mwingine aliyesikia isipokuwa sisi. Basi, mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Hakukuwa na hata haja ya kueleza. Ilitosha kusema, ni mimi. Wahunzi walikuwa wanagonga vyuma hatua chache kutoka pale, na wale ndio waliokuwa wamemsema vibaya zaidi. Haruna angegeuka tu na kuita, jamani, njooni msikie.

Siti alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Alikuwa amesimama wima, kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Haruna akatazama breki, akatazama wahunzi, akatazama chini.

"Ahsante sana, fundi," akasema. "Mungu atakulipa. Tufunge mizigo, lori lisije likatuacha."

Leodegar akatikisa kichwa taratibu, akakunja nailoni ya breki akaitia mfukoni. Walikwenda pamoja, Haruna akisukuma baiskeli, Leodegar kaweka mkono juu ya godoro lisianguke. Ukiwaona ungedhani ni ndugu.

Haruna aliporudi, Siti alikuwa barazani. Hakumpa hata nafasi ya kuegesha.

"Umesema?"

"Palikuwa na watu wengi, mwanangu. Na lori lilikuwa linaondoka. Namba yake ninayo, nitampigia."

"Sawa," Siti akasema. Aliingia ndani kulala na jua bado lipo.

Kesho yake tulikuwa Feri kama kawaida. Mnada ulikuwa umechangamka, changu wengi, kelele nyingi. Haruna alipakia tenga mpaka juu, akapanda, akaja akitupita kwenye karai letu kama apitavyo kila siku. Ni kawaida yetu: akipita, Siti humwambia, "Shikamoo baba," naye hujibu, "Marahaba mama," na hapunguzi mwendo.

Siti aliinua uso kutoka kwenye mafuta. Alitabasamu kwa adabu, tabasamu lilelile analowapa wateja.

"Shikamoo, mzee Haruna."

Nilidhani sikusikia vizuri. Lakini Haruna alisikia. Mguu wake haukuwahi kushuka. Alibana breki kwa mikono yote miwili, na breki za Leodegar zikashika. Baiskeli ilisimama palepale kama imepigwa msumari, tenga likamrukia mgongoni, samaki wote wakamwagika kwenye matope. Feri nzima ikacheka. Vijana wakapiga miluzi: "Mzee wa Njia! Breki hizo umezitoa wapi?"

Alikuwa anamtazama Siti, mdomo wazi, akisubiri aseme tena, aseme vizuri. Siti alikuwa anageuza samaki upande wa pili.

"Marahaba," kaka yangu akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. Akainama, akaanza kuokota samaki mmoja mmoja.

Ni muda sasa. Salamu ni ileile kila asubuhi, haikosi, tena yenye heshima zote. Namba ya Leodegar bado iko kwenye simu ya Haruna. Juzi nilimuuliza kama amepiga. Akaniambia mtandao wa kule Mbinga ni mbaya.